Namaqualand, mwezi wa Agosti

Kaskazini ya Cape Town, barabara ya N7 inapita kwanza kwenye mashamba ya ngano, kisha mizabibu ya bonde la mto Olifants. Ukishaivuka Vanrhynsdorp, kilichobaki ni mawe na vichaka vifupi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Namaqualand, nchi ambayo sehemu zake nyingi hazipati hata milimita 250 za mvua kwa mwaka, na karibu yote hunyesha wakati wa baridi.

Tulilala Kamieskroon. Asubuhi kulikuwa na mawingu, na kule Skilpad, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Namaqua, kilima kizima kilikuwa kijani kilichofifia. Mwenyeji wetu alituambia tusubiri, kwani maua ya huko hayafunguki bila jua. Kwenye saa tano mawingu yakaachana. Petali zikaanza kukunjuka, huku, kule, halafu kote, hadi konde lililokuwa la ngano zamani likawa rangi ya chungwa tupu. Maua yote yaliangalia kaskazini, liliko jua. Ukitaka kuyaona usoni, lipe jua mgongo.

Nilipiga magoti. Mmea wenyewe, Dimorphotheca sinuata, hauzidi sana shubiri. Huota kwa mvua za kwanza za kipupwe, huchanua Agosti na Septemba, na joto likianza huwa umeshakauka. Lakini chunguza kichwa cha ua kilichokomaa, kina mbegu za aina mbili. Za katikati ni bapa, zina ubawa mwembamba kama karatasi, hupeperuka na kuota upesi. Za pembeni ni nyembamba, ngumu, zina vinundu, nazo hukawia udongoni hata mvua ikinyesha. Ikija mvua ya kudanganya, ikaotesha miche kisha ikakatika, zile zilizokawia ndizo zinazouokoa ukoo. Wanaouhurumia mmea huu kwa uhai wake mfupi wanahesabu wiki za ua tu, wanasahau muda wote unaoishi chini kama mbegu.

Ndiyo maana iliniuma kuona wageni wakitoka njiani na kulala juu ya maua ili wapigwe picha. Mti ukivunjwa tawi una mwaka mwingine wa kuchipua. Mmea huu ukivunjwa Agosti, kabla mbegu hazijakomaa, hauna.