Vitambaa vya Mpangaji Wetu

Nyumba ya wakfu ya msikiti wetu hapa Tabora ina vyumba sita, na kodi yake ndiyo inayolipia umeme na maji ya kutawadhia. Chumba cha mwisho alipanga fundi cherehani, mtu mzima, mpole, asiyekosa sala ya alfajiri. Masika moja alielekea Kaliua kumwona ndugu yake mgonjwa, akasema hatakawia. Ulipotimia mwezi wa nne bila kodi wala habari, simu yake haipatikani, msafiri mmoja akatuambia kwamba fundi amefariki. Nani aliyemzika, na wapi, hatukuuliza.

Tuliketi baada ya Isha. Sisi ndio tulioshika kalamu ya kamati, na ndio tuliosomeshwa chuoni mlango wa amana na mlango wa luqata, basi ilitupasa tuseme. Hatukusema. Tuliandika katika muhtasari neno "marehemu" kabla ya jina lake, na kwa neno hilo moja kufuli ikavunjwa. Cherehani ikauzwa kufidia kodi, godoro akapewa mlinzi, na vitambaa vilivyokuwa chini ya kitanda wakagawiwa mayatima washonewe nguo za Idi. Tulirudi majumbani tukijiona tumefanya la kheri.

Njia hii yetu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ina kisa cha namna hiyo hiyo. Oktoba 1871 Dk. Livingstone alirejea Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na hohehahe, akakuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani zimeuzwa. Ameandika mwenyewe kwamba aliyekabidhiwa, mtu aliyeitwa Sherifu, alipiga ramli kwa Qur'ani akaona kuwa Mzungu yule amekufa, kisha akamwandikia liwali wa Unyanyembe, yaani hapa kwetu, kuomba ruhusa ya kuuza kilichosalia. Kupiga ramli kwa Kitabu cha Allah ili kujihalalishia mali ya mtu! Kila tulipowapeleka wanafunzi wa madrasa kwenye tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, tulikisimulia kisa hiki kwa kebehi. Sherifu alikuwa na ramli. Sisi tulikuwa na muhtasari wenye mhuri.

Na hao waliomzunguka alipokufa kweli, Mei 1873 kule Chitambo, hawakugusa kitu kabla ya Jacob Wainwright kuandika orodha ya vitu vyake. Susi, Chuma na wenzao wakavibeba pamoja na maiti, wakafika Unyanyembe Oktoba na Bagamoyo Februari 1874. Sehemu hiyo ya kisa tulikuwa tukiipita haraka.

Fundi alirudi siku chache baada ya Idi, anatembelea gongo. Alikuwa amevunjika mguu, na simu ilipotea katika ajali hiyo hiyo. Tulimweleza habari ya cherehani huku tumeinamisha macho.

"Cherehani si neno, ustadhi, kodi nilikuwa nadaiwa," akasema. "Vitambaa viko wapi? Vile si vyangu."

Hapo ndipo tulipokumbuka vikaratasi. Kila kitambaa kilikuwa kimebanwa kwa pini kikaratasi chenye jina na vipimo. Tulikuwa tumeviona, tukavifagia pamoja na vumbi.

Kisheria mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo. Luqata hutangazwa mwaka mzima, nayo ni mali ambayo mwenyewe hajulikani. Huyu tulimjua kwa jina na kwa safu yake msikitini. Lau angekuwa amekufa kweli, mali ingekuwa ya warithi wake baada ya kulipwa madeni, nasi tungekuwa wadai tu, wenye kuhitaji mashahidi na hesabu. Na Mtume (s.a.w.), alipohama Makka akiwakimbia watu waliotaka kumwua, alimwacha Ali nyuma awarudishie watu wa mji huo huo amana zao. Sisi tulidai kodi ya miezi minne.

Tulikwenda naye nyumba kwa nyumba, Gongoni na Isevya, yeye akitaja majina kwa kumbukumbu, sisi tukibeba fedha tulizochangishana wanakamati. Wengi walipokea wakatusamehe. Mama mmoja mjane hakupokea. Kitambaa chake, alisema, alinunuliwa na marehemu mumewe, naye alikuwa amekiweka muda mrefu kabla ya kukipeleka kwa fundi.

"Mlimpa mtoto gani?" akauliza.

Tulimjua mtoto. Ijumaa iliyofuata mama yule alikuja, akasimama kwenye mlango wa wanawake mpaka binti alipopita na gauni lake la buluu. Akamwita, akalishika pindo, akatazama mshono. Kisha akamwachia, akaingia kuswali.