Marehemu Aliugua Nini

Kwetu Bukoba swali hilo halikuulizwa. Nilikuwa darasa la tatu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani kwetu Kagera. Neno Ukimwi lenyewe hatukuwa nalo bado. Watu wazima waliuita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikipenyezwa kwa magendo kutoka Uganda, na walilitaja kwa sauti ya chini sisi watoto tukiwa tumefukuzwa jikoni. Mjomba wangu alikonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Siku tuliyomzika migombani, msemaji wa ukoo alisema marehemu aliugua homa. Watu wakainamisha vichwa. Hapakuwa na mtu mzima pale ambaye hakujua, na hapakuwa na aliyesema.

Ukimya ule nilikuja nao Texas. Nilifika Stafford mwaka 2001, mji mdogo pembeni ya Houston, nikabeba boksi kama wenzangu: usiku kutunza wazee, mchana kulala huku mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumetapakaa huku, Stafford, Missouri City, Sugar Land, Alief, na kila mtu na zamu yake. Tulichokuwa nacho cha kutukutanisha sote ni msiba. Mtu akifariki, simu zinapigwa, sebule inajaa, chai inachemshwa kwenye sufuria kubwa, na kamati inaanza kukusanya michango ya kusafirisha mwili. Kisha mwenyekiti anasimama kusoma wasifu: marehemu aliugua ghafla. Miaka ile kila mtu aliugua ghafla. Akibanwa sana, mwenyekiti aliongeza kwamba ilikuwa presha. Chini ya presha tulizika saratani, sukari, pombe, huzuni ya watu waliokaa miaka kumi bila kuwaona watoto wao. Tulizika na hofu ya bili, kwa sababu Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima ya afya, na wengi wetu tulikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Mwaka 2009 wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kichwa kilimuuma siku mbili, miguu ikavimba, macho yakaanza kuona vimulimuli. Alikwenda hospitali akaambiwa amechoka, apumzike. Alirudi tena usiku ule ule, wakamrudisha nyumbani. Mara ya tatu alipelekwa na gari la wagonjwa, katikati ya degedege. Kilikuwa kifafa cha mimba. Yeye alipona, mtoto hakupona. Sisi tulisema ni mapenzi ya Mungu, tukampikia uji, tukamsihi asilie sana. Hakuna aliyemuuliza: ulimwambia nini daktari, naye alikujibu nini? Hata mimi, niliyekuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na niliyejua presha ya 170 maana yake nini, sikuuliza.

Zaidi ya hapo, tuliona ubaguzi hautuhusu. Habari za ubaguzi zilipotokea kwenye televisheni tulisema hayo ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi ni wageni, tumekuja kutafuta. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na leo inaniuma.

Kilichoanza kunigeuza kilikuwa mifupa. Mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakijenga shule Sugar Land, jirani yetu kabisa, walifukua makaburi ya watu weusi 95. Walikuwa wafungwa waliokodishwa kwa wenye mashamba ya miwa baada ya utumwa kukomeshwa. Serikali ya jimbo ilipokea fedha, wao wakafa shambani. Mzee mmoja, Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alikuwa ameonya kwa miaka mingi kwamba eneo lile lina makaburi, na hakusikilizwa. Wataalamu walisoma katika mifupa ile dalili za kazi nzito na lishe duni. Nilikuwa nikipita barabara ile kila siku kwenda kazini. Stafford nayo, nikaja kujua, ilianzia kwenye shamba la pamba na miwa la William Stafford, lililolimwa na watumwa. Nilikaa kwenye ardhi hiyo miaka 17 nikidhani haina habari.

Kisha ukaja mwaka 2020. George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, alikulia mtaa wa Third Ward, Houston, na tarehe 8 Juni mwili wake uliwekwa katika kanisa la Fountain of Praise, upande wetu wa kusini magharibi, ili watu wamuage. Nilikwenda na wifi. Jua lilikuwa kali, tulivaa barakoa, tukapimwa joto, tukapita mbele ya jeneza bila kusimama. Tuliporudi tulikaa nyuma ya nyumba yangu, viti vikiwa vimeachana kwa ajili ya korona, wanawake kama wanane hivi. Wifi ndiye aliyeanza, bila kuombwa.

"Nilimwambia daktari mara mbili kwamba siwezi kupumua vizuri," alisema. "Hakuniangalia usoni."

Alisimulia usiku ule wote, dakika kwa dakika, miaka kumi na moja baadaye. Mama mmoja Mkongo akaanza kulia, akasema hata yeye. Akafuata mwingine. Muuguzi mmoja Mkenya alituambia kwamba wanawake weusi Marekani hufa kwa sababu ya uzazi takriban mara tatu zaidi ya weupe, na kwamba elimu na fedha haviondoi pengo hilo. Akataja Serena Williams, bingwa wa tenisi, ambaye mwaka 2017 baada ya kujifungua ilimbidi asisitize mwenyewe achunguzwe damu iliyoganda mapafuni. Lafudhi yetu, pasipoti zetu, havikuwa vimetukinga na chochote.

Tukaendelea kukutana kila Jumamosi ya kwanza. Desemba ile muuguzi wetu alileta habari ya utafiti ulioonyesha kwamba kile kipimo cha kubana kidoleni hukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi, kinaweza kusema una oksijeni ya kutosha nawe huna. Wengi tulikuwa tumekinunua, tunakiamini kuliko vifua vyetu.

Lakini sitaki kusema kila kitu kilitoka kwa wazungu. Jumamosi moja dada aliyekuwa hazungumzi sana alisema ana virusi vya Ukimwi, mwaka wa kumi na nne sasa, na kwamba dawa zake huziweka kwenye kopo la vitamini kwa sababu sisi, wageni wake, hufungua makabati. Palikuwa kimya. Ndipo nikamsimulia habari ya mjomba wangu, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamtaja kwa jina na kwa ugonjwa wake. Mwanamke mmoja aliondoka mapema siku ile na hakurudi tena. Nilimpigia, hakupokea. Wengine walibaki, na dada yule sasa ndiye anayewasindikiza wageni wapya kliniki.

Mwaka jana tulikuwa na msiba wa mzee mmoja aliyeheshimika sana. Mwenyekiti alifungua karatasi yake, lakini kijana wa marehemu akaomba asome yeye. Akasema baba yake alikufa kwa saratani ya tezi dume, alijua kwa miaka mitatu, akaificha. Akasema wanaume weusi Marekani hufa kwa ugonjwa huu karibu mara mbili ya weupe.

"Wazee wangu, nawaomba mkapime."

Wazee waliangalia zulia. Kisha mmoja, mzee wa Moshi ninayemwamkia shikamoo tangu 2001, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kijana, hicho kipimo," akauliza, "ni cha damu tu, au kuna kingine?"