Injini ya kirikuu yafanya starehe Uingereza

Kimya changu kisiwatishe, niko Karagwe likizo na mtandao wa huku una siku zake. Leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee magari.

Kuna kampuni ndogo ya Uingereza inaitwa Caterham. Gari lao maarufu ni Seven, na umbo lake halijabadilika sana tangu Colin Chapman wa Lotus alitoe mwaka 1957. Enzi hizo liliuzwa hata vipandevipande, mteja anaunga mwenyewe nyumbani, maana gari la vipande lilikwepa kodi ya manunuzi. (Kumbe na Mzungu anazijua hizo janja!) Mwaka 1973 Caterham wakachukua haki ya kulitengeneza, wakaendelea nalo, ingawa tangu 2021 wenye mali ni Wajapani, VT Holdings.

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo wa 2021 walitoa Seven 170. Uzito kilo 440. Injini? Suzuki, silinda tatu, cc 660, nguvu za farasi 84. Yaani ukoo mmoja na kirikuu! Suzuki Carry hiyohiyo inayotoka Nkwenda kwenda Omurushaka imejaa ndizi, ila nyingi za kwetu hazina turbo. Wenzetu wamepunguza kila kinachopunguzika ili injini ndogo ibebe watu wawili tu, na inafika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 7. Siri yote ni uzito.

Huku hesabu hiyo tumeipindua. Kwa sheria ya Japani kirikuu inabeba kilo 350. Mdogo wangu anayo moja, kainunua kwa mkopo wa kikundi. Juzi nilihesabu mikungu 52, na juu yake wakakaa wapakiaji watatu. Hata mkungu ukiwa wa kilo 20 tu, hiyo ni tani moja na ushee. Springi kaongeza, breki ni zilezile zilizotoka Japani.

Nikamwambia. Akacheka: "Kaka, nikibeba kilo 350, rejesho litalipwa na gazeti lako?"

Hesabu yake nayo ni ya kweli. Tajiri analipa kwa mkungu, na mafuta ya safari ni yaleyale. Lakini mimi ndiye ninayeandika zile habari za aya tatu: breki zilifeli kwenye mteremko, dereva alifariki papo hapo. Taarifa inayotufikia haitaji gari lilibeba kilo ngapi.

Tumebishana siku mbili, mama akawa refa. Tumefikia hapa: miezi mitatu nitamchangia rejesho, yeye abebe mikungu 30, na wapakiaji wapande bodaboda. Bado ni karibu mara mbili ya kipimo, najua. Kesho ni siku ya gulio. Nitaamka mapema nikahesabu.