Damu haikutoka, nikadhani ni mzima

Mwezi uliopita, hapa Goma, pikipiki niliyopanda iliteleza kwenye mawe ya volkano, nikaanguka kichwa chini bila kaske. Nilisimama, nikajipangusa, nikamlipa motari. Damu haikutoka, basi nikaendelea kutafuta habari.

Mke wangu ndiye aliyeshtuka. Jioni nilimuuliza mara tatu kama watoto wametoka shuleni, na kila mara alikuwa amenijibu. Kisha nikatapika. «Baba watoto, hii si malaria,» akasema.

Daktari alinimulika macho, akanitembeza kwenye mstari, akasema ubongo umetikisika. Akamwonya mke wangu: akitapika tena, kichwa kikizidi kuuma, au akilala na kuamka ikashindikana, mrudishe usiku huohuo. Mimi niliambiwa nipumzike, simu niiweke mbali, na pikipiki nisipande kwanza.

Siku ya tatu nilikaidi, nikafungua kompyuta. Herufi zilicheza, kichwa kikagonga kama kinu. Nikarudi kulala. Habari hii nimeiandika kwa vipande, mistari michache kwa siku.

Jana nilimwona motari yule. Bado ana kaske moja, yake.