KADI YA LAPTOP YAKO HAIJAFA, USIKUBALI KUIUZA KWA BEI YA KUTUPA!

Kuna fundi mmoja hapa mjini, jina kapuni, kila akiona laptop ya zamani yenye Linux anasema kadi ya picha imekufa, halafu anataka kuinunua kwa bei ya chee. Yangu pia aliitaka. Sikumpa, maana hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya chumba. Naeditia video za harusi na za wasanii chipukizi.

Ukweli ni huu. Laptop hizi nyingi zina kadi mbili: ya Intel kwa kazi nyepesi na ya Nvidia kwa kazi nzito. Ukiweka Linux inakuja na draiva ya bure, nouveau, ambayo kadi nyingi za Nvidia inaziacha kwenye spidi ya chini. Na draiva mpya za Nvidia zenyewe hazizitambui tena kadi za zamani. Yaani kadi ni nzima, inataka draiva ya umri wake.

Yangu ni GeForce GT 740M ya 2013, draiva yake ni 470. GT 540M yenyewe ni 390. Kwenye Ubuntu 22.04 niliandika:

sudo apt install nvidia-driver-470
sudo prime-select nvidia

Nikazima, nikawasha upya, nikaandika nvidia-smi. Jina la kadi hilo hapo!

Fundi hajanipigia tena. Wewe je, ushawahi kuambiwa kitu chako kimekufa kumbe kizima? Funguka hapo chini.