Moshi wa saa nane

Kwenye kituo chetu cha vijana huku Buyenzi tuna tanuri la matofali. Dada kumi na wawili wanaokea mikate hapo, wanaiuza mtaani, na pesa hiyo inalipa kodi ya nyumba na madaftari ya watoto. Wengi walitoka Uvira na Fizi, wengine ni wenyeji. Tanuri lina bomba la moshi la bati, sisi tunaita shemine, linapita kwenye plafo na kutokea juu ya paa.

Mimi nilijifanya daktari wa hiyo shemine. Kila mwezi nilipanda paani na kamba, nikafunga jiwe ndani ya kipande cha gunia, nikawa nashusha na kupandisha mpaka masizi yaanguke. Nilishuka mweusi kama sufuria, watoto wanacheka. Miaka miwili hakuna aliyelalamika.

Masika iliyopita moshi ukaanza kurudi ndani. Nikapanda, nikasafisha. Baada ya siku mbili ukarudi. Nikapanda tena. Dada mmoja akaniambia, "Kaka, moshi huu una saa yake. Asubuhi haupo, saa nane unakuja." Nikamjibu ni kuni mbichi, kwa kuwa mikalitusi yote ilikuwa imelowa na mvua. Kuni kweli zilikuwa mbichi, na ndiyo maana sikutafuta sababu nyingine.

Kisha dada mmoja mwenye mimba ya miezi sita akakaa juu ya gunia la unga akashindwa kusimama. Kichwa kinagonga, miguu haina nguvu, anataka kutapika. Tukasema ni mimba. Tulipomtoa nje chini ya mwembe, akapata nafuu. Kesho yake ikarudia kwake, na kwa mwenzake ambaye hana mimba. Hapo nikaogopa.

Kumbe dalili hizo nilikuwa nazifundisha mwenyewe! Moto wa makala na wa kuni unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na ukitoka nje unapata nafuu. Siku zote nawaambia vijana wasilale na mbabula ndani. Lakini tanuri letu lina shemine, basi nilidhani tumeshapona.

Kumwita fundi kulileta kelele kwenye kikao. Wengine walisema pesa iende kwenye unga. Na mimi, nikiri, sikutaka mtu mwingine apande kwenye paa langu. Mama anayetunza sanduku ndiye alimaliza maneno: "Unga nitakopa. Mtu nitamkopa wapi?"

Akaja mzee mmoja, masoni, aliyejenga matanuri tangu Uvira. Hakupanda. Alisimama barabarani akaangalia mapaa muda mrefu, halafu akauliza, "Hii ghorofa ya jirani ilijengwa lini?" Kiangazi kilichopita. Ukuta wake, upande wa mashariki, sasa ulikuwa mrefu kuliko shemine yetu. Mchana upepo wa ziwa ukivuma unagonga ule ukuta na kushuka, unasukuma moshi wetu chini. Hata bomba liwe safi kama kikombe.

Kisha akabandua ubao wa plafo. Mbao iliyogusa bomba ilikuwa imeungua upande mmoja, ukiikwaruza inatoka unga mweusi. Juu kidogo ya plafo, mahali ambapo sikuwahi kuona, kutu ilikuwa imetoboa tundu la ukubwa wa ukucha. Na ndani ya bomba kulikuwa na masizi magumu yanayong'aa kama lami. Moto hafifu wa kuni mbichi ndio unayaleta, na yenyewe yanaweza kushika moto humo humo bombani. "Haya hukuyasafisha, mwanangu," akaniambia, "umeyang'arisha."

Nilikaa chini. Buyenzi nyumba zimebanana, ukuta kwa ukuta. Na sote wa Bujumbura tunakumbuka soko kuu lilivyoungua Januari 27, 2013.

Tulifunga tanuri siku nne. Bomba jipya, refu kuliko ukuta wa jirani, plafo ikakatwa na matofali yakawekwa kati ya mbao na bati. Gharama ilizidi mauzo ya mwezi mzima. Mlangoni nimeandika kwa chaki siku ambazo sipandi, namwita mzee: moshi ukirudi siku chache baada ya kusafisha, masizi yakiwa ya kung'aa na hayatoki, plafo ikiwa ya moto au na doa la kahawia, jirani akiinua ukuta, tetemeko likipita. Mtu akiumwa kichwa na kupona nje, tunazima kwanza, kuita baadaye.

Wenzetu wa Musasa na Bwagiriza mtasema fundi hatuna. Ulizeni, kambi haikosi mzee aliyejenga matanuri kwao. Na walio bado kwenye shitingi, moto ukae nje hata kama mvua inanyesha, hakuna njia nyingine. Ninyi wa mashirika mnaojenga majiko yenye bomba, mkapiga picha, mkaondoka: wekeni kwenye bajeti siku moja ya fundi kila mwaka.

Dada yule alijifungua mwezi wa sita, mtoto wa kike. Mimi bado napanda na gunia langu, ila sasa naanza kwa kukwaruza bomba na ukucha.