Ovaroli za Baba

Kati ya mablanketi yote ninayoyajua, linalonigusa zaidi nimeliona kwenye simu tu. Lilishonwa mwaka wa 1942 huko Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, na mama aitwaye Missouri Pettway. Mumewe alikuwa amefariki. Akachukua nguo zake za kazi, akazikata vipande, akaziunga kuwa blanketi la viraka ili ajifunike nalo na kumkumbuka.

Akina mama wa kijiji kile, vizazi vya watumwa waliolima pamba, walishona viraka kwa sababu baridi ilikuwa kali na pesa hamna. Mwaka wa 2002 jumba la makumbusho la Houston likatundika kazi zao ukutani, na watu wakaanza kuzilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa kisasa. Mwaka wa 2006 zikaingia hadi kwenye stempu za Marekani.

Mimi naishi Ruiru, na huku kwetu pia nguo ni kazi ya watu. Thika kuna viwanda vya vitambaa tangu kabla ya uhuru. Baba alifanya kazi eneo la viwanda hapo Thika miaka mingi, na ovaroli zake za buluu nazijua kuliko suti yake. Alipofariki, nguo zote zilitiwa kwenye gunia chini ya kitanda cha mathe, Makongeni. Matanga yakaisha, wageni wakarudi makwao, gunia likabaki. Shangazi alitaka zigawiwe haraka. "Nguo ya marehemu haikai nyumbani," alisema. Mathe alinyamaza tu.

Siku moja nikamwonyesha ile picha. Akaivuta kwa vidole, akaikagua kama fundi anayeangalia kazi ya mwenzake. "Huyu alifuata nguo ilivyo, hakuilazimisha," akasema. Halafu: "Lete makasi."

Basi kila Jumamosi nikawa napanda matatu ya Thika. Tulifua, tukafumua mishono, tukapiga pasi. Kitambaa cha ovaroli ni kigumu, kilivunja sindano mbili kabla mathe hajaweka namba 16 kwenye cherehani. Mfukoni tulipata nati moja na risiti iliyofutika. Na pale tulipobandua mfuko, bana, buluu ilikuwa mbichi kabisa, kama siku aliyokabidhiwa.

Ukishona, macho yako yako kwenye uzi, hamtazamani usoni, na maneno yanatoka yenyewe. Ndipo nikajua kumbe baba alitaka kuwa dereva wa lori, na kwamba mathe bado hulala upande wake uleule wa kitanda. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kipande cha kuunga, robo inchi kutoka ukingoni, halafu kingine. Huo ndio ulikuwa msaada wake: huzuni ilipata kazi ya mikono, na jioni kulikuwa na kitu cha kuonyesha.

Lilikamilika Julai, baridi ikiwa imekaza. Shangazi alipokuja tulidhani atateta. Aliketi kitandani, akapapasa kiraka kimoja baada ya kingine, akafika kwenye kola ya shati la kanisani, akatulia hapo. Kisha akauliza kama kuna masalio.

Mathe akainuka, akamkatia mkono mzima wa shati.